Kwanza Palipobomoka

Masomo: 2 Wafalme 12:4–15; 2 Mambo ya Nyakati 24:4–14



Katika habari za wafalme wa Yuda iko habari moja isiyosomwa sana kanisani, nayo ni habari ya matengenezo. Mfalme Yehoashi aliona kwamba nyumba ya Bwana imebomoka mahali mahali, akawaagiza makuhani wakusanye fedha waitengeneze. Lakini ulipofika mwaka wa 23 wa kutawala kwake, nyufa zilikuwa pale pale. Sadaka zilitolewa, ibada ziliendelea, dhabihu ziliteketezwa, na nyumba nayo iliendelea kupasuka. Ndipo kuhani Yehoyada alipotwaa sanduku, akatoboa tundu katika kifuniko chake, akaliweka kando ya madhabahu upande wa kuume. Fedha zilizoingia humo zilihesabiwa, wakapewa maseremala, waashi na wakata mawe.

Sasa angalieni jambo hili. Mwandishi wa kitabu cha Wafalme anatuambia kwamba fedha hizo hazikufanyiwa vikombe vya fedha, wala mabakuli, wala tarumbeta. Mwandishi wa Mambo ya Nyakati anaongeza neno: kazi ilipokwisha, fedha zilizobaki ndizo zilizofanyiwa vyombo. Kwa hiyo vyombo vizuri havikuwa dhambi. Vilingoja zamu yao. Kwanza palipobomoka, kisha mapambo.

Mwaka huu neno hili nimelisoma nikiwa na grisi mikononi, kwa sababu nyumbani tunatengeneza pikapu kuukuu. Naomba tulitazame neno hili kwa njia ya gari hilo. Bwana wetu alifundisha kwa wavu, kwa chachu, kwa taa na kwa mbegu, yaani kwa vitu ambavyo wasikilizaji wake walivishika kila siku. Hapa kwetu Mpanda, watu wengi wanashika spana kila siku.

Gari lenyewe

Gari hilo ni Land Rover 109, aina ya Series III, iliyotengenezwa Uingereza kati ya mwaka 1971 na 1985. Namba 109 ni inchi zilizopo kati ya ekseli ya mbele na ekseli ya nyuma. Lilikuwa la marehemu kaka yangu, na baada ya yeye kulala lilikaa chini ya mwembe miaka sita.

Wazee wenzangu wanalikumbuka vizuri. Mimi nilipotoka chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1980, gari la namna hii ndilo lililopeleka mitihani shuleni, dawa zahanati, na mchungaji vijijini. Siku zile nchi ilikuwa na shida kubwa ya fedha za kigeni, na spea zilikuwa adimu. Gari liliweza kusimama juu ya magogo miezi mingi likingoja kipande kidogo cha mpira kije kwa treni, kupitia Tabora na Kaliua mpaka hapa. Leo tuna mkoa wetu wa Katavi tangu mwaka 2012, tuna lami ya kwenda Tabora, na maduka ya spea yako mjini. Shida yetu ya leo si ile ya kukosa kitu cha kununua. Shida yetu ni kujua tununue nini kwanza.

Gari hili lina jambo moja la kujifunza katika maumbile yake. Land Rover ilipoonyeshwa mara ya kwanza huko Amsterdam, Aprili 1948, Uingereza ilikuwa bado katika shida baada ya vita, na chuma cha bati kilitolewa kwa mgawo. Kwa hiyo watengenezaji walitumia aluminiamu kwa sehemu kubwa ya bodi. Aluminiamu haishiki kutu kama chuma. Ndiyo maana hata leo unaweza kuona gari la miaka 50 ambalo milango na madigadi yake bado yanapendeza.

Lakini fremu yake ni ya chuma. Nayo imeundwa kama sanduku refu lenye uwazi ndani. Tope la masika huingia kwa matundu madogo, likakaa humo likishika unyevu, na fremu ikaanza kuoza kwa ndani. Mtu anayepita barabarani haoni kitu. Anaona bodi nzima, anasema, "Gari zuri hili!" Kumbe kinachobeba bodi, injini, mzigo na watu kinaliwa kimya kimya.

Ndugu zangu, je, si hali ya Mafarisayo katika Mathayo 23? Kikombe kilisafishwa nje, na ndani kimejaa. Kaburi lilipakwa chokaa, na ndani mifupa. Sisi nasi tumepewa bodi isiyoshika kutu upesi: suti ya Jumapili, sauti nzuri ya kwaya, cheo cha mzee wa kanisa, salamu za heshima sokoni. Hivyo vinaweza kung'aa miaka mingi baada ya fremu kuanza kuoza.

Kugonga kwa nyundo

Mwanangu anafanya kazi mbali. Aliponitumia fedha, alisema, "Baba, watie injini ya dizeli ya Toyota, kisha lipakwe rangi. Desemba tunamuaga dada, nataka aondoke nyumbani kwa heshima." Ni neno jema la kijana anayependa nyumba yake. Na kwaya nao walikuwa wamekwisha kuniuliza kama gari litakuwa tayari.

Fundi alipokuja hakufungua bonneti. Alivaa ovaroli, akaingia chini na nyundo ndogo, akaanza kugonga fremu tangu mbele mpaka nyuma. Chuma kizima hulia, ti, ti, ti. Chuma kilichooza hujibu kwa sauti nzito kama boga. Tulisimama tukisikiliza. Mbele ililia vizuri, na katikati pia. Alipofika mahali panaposhika springi ya nyuma, upande wa kushoto, sauti ikafa. Aligonga tena kwa nguvu kidogo, nyundo ikapenya, na unga mwekundu wa kutu ukamwagika juu ya kifua chake.

Akatoka, akajipangusa, akasema, "Mwalimu, fedha hizi zinatosha injini na rangi, au zinatosha fremu na breki. Vyote haziwezi."

Fundi yule angeweza kunyamaza. Rangi ingemletea malipo ya haraka, na sisi tungemshukuru. Katika somo letu imeandikwa kwamba wale mafundi wa hekalu hawakudaiwa hesabu, kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Naomba vijana wetu walio katika gereji, useremala na ushonaji walisikie hili: uaminifu wenu umeandikwa katika Biblia. Nasi tunaowapa kazi, tusiwacheleweshee ujira wao, maana mtume Yakobo anasema wazi kwamba ujira uliozuiliwa hupiga kelele mbele za Mungu.

Mtume Paulo anatuagiza kila mtu ajihoji kabla ya kuikaribia Meza ya Bwana. Kujihoji ndiko kugonga kwa nyundo. Usiguse mahali unapojua panalia vizuri tu. Mtu husema, "Mimi siibi, wala silewi," akagonga hapo mara mia. Agonge pia mahali pengine: Nimesema nini juu ya ndugu yangu tangu tulipogawana shamba la baba? Lile deni ambalo mke wangu halijui limefika wapi? Ni lini mara ya mwisho nilipomwomba mtoto wangu radhi? Pale sauti inapokufa, ndipo pa kuanzia.

Kukata mpaka chuma kizima

Kuna njia fupi ya kutengeneza fremu, nayo ni kuchomelea kipande cha bati juu ya kutu, kisha kupaka rangi nyeusi. Kwa macho kazi imekwisha. Lakini moto wa kuchomelea hauwezi kushika juu ya chuma kilichooza; hukitoboa, au hushika ganda tu. Gari likipakiwa magunia ya mpunga kutoka Mpimbwe na kuingia katika shimo moja, kiraka hung'oka pamoja na ganda lake. Bwana Yesu alisema habari ya kiraka kipya katika vazi kuukuu, jinsi pengo linavyozidi kuwa baya.

Njia iliyo sawa ni kukata. Kwanza betri hufunguliwa, na tangi la petroli huondolewa na kuwekwa mbali, kwa kuwa cheche moja yatosha kuleta msiba. Gari huinuliwa, likakalishwa juu ya magogo imara, maana jeki peke yake haiaminiki hata kidogo. Ndipo fundi hukata sehemu iliyooza, na huendelea kukata mpaka afike penye chuma kinachong'aa. Tulidhani itakatwa sehemu ya urefu wa kiganja. Ilikatwa karibu urefu wa mkono. Kila mara nilipodhani tumefika, fundi aligonga na kusema, "Bado, Mwalimu."

Toba ya kweli iko hivyo, nayo inauma. Mume na mke waliogombana hupatanishwa na wazee jioni moja, wanapeana mikono, chai inanywewa. Hiyo ni bati juu ya kutu ikiwa hakuna aliyetaja neno lililosemwa miaka mitatu iliyopita. Wazee wenzangu katika Kristo, tusiwe na haraka ya kunywa chai. Tukae mpaka tufike penye chuma kizima, hapo ndipo msamaha utashika. Daudi katika Zaburi ya 51 alijua kwamba Mungu anataka kweli katika moyo wa ndani, naye hakuomba kufunikwa kwa rangi. Aliomba aumbiwe moyo safi.

Breki kabla ya nguvu

Injini ya petroli iliyokuja na gari hili ina ujazo wa sentimita za ujazo 2,286, na nguvu za farasi zipatazo 70. Breki zake zilipimwa kwa nguvu hiyo na kwa mwendo wa siku zile. Mtu akitia injini yenye nguvu zaidi na kuacha breki zile zile, ameongeza mwendo bila kuongeza uwezo wa kusimama. Barabarani mjini hataona tofauti. Ataiona katika mteremko wa kwenda Karema, akiwa na mzigo, mvua imenyesha, na mbele yake watoto wanavuka.

Tena gari letu lilikuwa na mfumo mmoja tu wa mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Bomba moja likipasuka, kanyagio linazama mpaka sakafuni, na magurudumu yote manne hayana breki. Magari ya baadaye yaligawanywa: mafuta ya mbele mbali, ya nyuma mbali. Upande mmoja ukivuja, mwingine bado unashika. Basi tumetia masta silinda ya sehemu mbili, pamoja na kile chombo kinachousaidia mguu ambacho mafundi hukiita buusta, tukabadili mabomba yote na mipira yote. Kitabu cha Mhubiri kinasifu wawili kuliko mmoja kwa sababu hiyo hiyo: mmoja akianguka, yuko wa kumwinua. Nyumba ambayo baba peke yake anajua mambo yote ya fedha, au mama peke yake ndiye anayeomba, ni gari lenye bomba moja.

Na mafuta ya breki yenyewe yana siri. Hunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo, hata kama hayapungui. Ukitazama kichupa chake utayaona yamejaa. Lakini breki zikipata moto mteremkoni, maji yale huchemka na kuwa mvuke, na mguu ukikanyaga hukuta kitu laini. Ndiyo maana hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi. Sala zetu nazo zinaweza kujaa kichupa na kuwa zimeingia maji. Tunasema maneno yale yale, saa ile ile, na hakuna aonaye upungufu, mpaka siku ya mteremko: siku ya daktari kutuambia habari mbaya, siku ya kijana kutorudi nyumbani.

Ndugu, tunapenda kumwomba Mungu nguvu. Tunaomba biashara ikue, kazi ipandishwe cheo, mavuno yaongezeke, na si vibaya. Lakini ni wangapi kati yetu tunaomba breki? Kijana anayepata fedha nyingi za madini au za mpunga kwa msimu mmoja, naye hajajifunza kusema "imetosha", ametiwa injini kubwa katika gari lisilosimama. Kiasi ni tunda la Roho, nalo limetajwa na Paulo katika orodha moja na upendo na furaha.

Neno lililosemwa nyumbani

Sitawaficha kwamba uamuzi huu haukuwa mwepesi. Nilipompigia mwanangu simu na kumweleza, alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Baba, watu watasema tumeshindwa hata kupaka rangi." Binti yangu naye aliuliza kwa upole kama kweli atatoka nyumbani katika gari lenye mabaka. Mimi ni baba yao. Maneno yale yalinigusa.

Mama yao ndiye aliyelimaliza. Alikuwa anapeta mchele, wala hakuinua kichwa. Akasema, "Watakaoliangalia gari watakuwa barabarani. Tutakaokaa ndani ni sisi na mtoto wetu."

Fedha zilikwenda katika fremu na breki. Injini ni ile ile ya zamani. Tumesafisha kabureta, tumebadili plagi na gaskiti iliyokuwa inavuja, nayo inakwenda kwa saburi yake. Kwaya nimewaambia kwamba pikapu ni gari la mizigo, na siku ya Kipaimara litachukua ngoma, viti na masufuria, wao waende kwa basi. Wako walionuna. Rangi bado haijapakwa, na sijui kama itapatikana kabla ya Desemba. Ikipatikana, tutapaka kwa furaha, kama wale waliofanya vyombo kwa fedha zilizobaki. Isipopatikana, binti yetu ataondoka katika gari lenye mabaka, lakini atafika.

Aliyelala chini

Neno la mwisho, nalo ndilo kubwa. Nimesema habari za kugonga, kukata na kubadili, na mtu anaweza kudhani Injili ni kazi ya kujitengeneza mwenyewe. Hapana. Gari halijitengenezi. Lingekaa chini ya mwembe miaka sita mingine, lingezidi kuoza tu.

Tena fundi hawezi kutengeneza fremu akiwa amesimama. Bodi unaweza kuipaka rangi ukiwa wima na shati safi. Fremu sharti ulale chini yake, mgongo katika vumbi, kutu ikikuangukia usoni na machoni. Siku ile nilipoona miguu ya fundi imetokeza chini ya gari, nilikumbuka sura ya pili ya Wafilipi. Bwana wetu hakututengeneza kutoka juu. Alishuka, akatwaa namna ya mtumwa, akaingia chini ya mzigo wetu mahali ambapo hakuna mtu aliyetaka kuingia, na uozo wetu ukamwangukia yeye. Anajua mahali sauti inapokufa. Amekwisha kuligusa, wala hakutukataa.

Kwa hiyo usiogope nyundo yake. Anayekugonga ndiye aliyekwisha kulala chini yako.

Maswali ya kutafakari nyumbani au katika jumuiya ya sala:

1. Katika nyumba yetu, ni ufa gani tunaoujua wote na hakuna anayeutaja?
2. Je, kuna mapatano tuliyoyafanya ambayo ni bati juu ya kutu?
3. Mwaka huu tumemwomba Mungu nguvu za nini? Tumemwomba breki za nini?

Tuombe:

Ee Bwana Yesu, uliyeshuka chini kwa ajili yetu, tugonge mahali palipooza, hata tukilia. Kata mpaka ufike penye uzima, utuunge kwa neema yako. Wape mafundi wetu uaminifu, na madereva wetu kiasi. Utufundishe kutengeneza kwanza palipobomoka, na kama kitabaki kitu cha kupamba, tukupambie wewe kwa furaha. Amina.